Nani Anamuandaa Mgonjwa Wetu Kabla ya Kisu?

  

Ndugu Waislamu, katika Ramadhani moja ya miaka ya karibuni mama yangu mkubwa alitoka hapa Naipingo kwenda kupasuliwa uvimbe wa kizazi katika hospitali moja ya huku kusini. Aliyemsindikiza ni mimi. Jioni ya kuamkia siku ya upasuaji aliambiwa maneno machache tu: kesho asubuhi uje ukiwa hujala kitu. Tukaenda kulala kwa ndugu yetu mwenye nyumba karibu na hospitali. Saa kumi alfajiri mama aliniuliza iwapo ale daku au aache. Nikamjibu, kwa kujiamini kwa mtu aliyesoma, kwamba daku ni sunna yenye baraka, asiiache. Asubuhi itakapofika atakuwa hajala kitu kama alivyoamrishwa. Akala ugali, kisamvu cha nazi na chai ya maziwa, akanuia saumu yake.

Asubuhi muuguzi alimuuliza, "Mama, umekula chochote?" Naye akajibu, "Hapana mwanangu, nimefunga." Mama hakusema uongo, wala muuguzi hakukosea kuandika kuwa hajala. Kila mmoja alilielewa neno lile kwa maana yake. Mama amekwishavalishwa gauni la upasuaji ndipo mtaalamu wa dawa ya usingizi alipomuinamia na kuuliza, "Daku umekula saa ngapi?" Upasuaji ukaahirishwa palepale. Mtaalamu yule si Muislamu. Yeye alijua kuuliza habari ya daku. Mimi, niliyesoma fiq'hi kwa Kiarabu na ninayewafundisha watoto wenu milango ya saumu, sikujua kwamba kuna la kuuliza.

Baadaye ndipo nilipoelezwa sababu. Mtu aliye macho, chakula kikipanda kutoka tumboni, koo hujifunga na mapafu yakasalimika. Aliyetiwa dawa ya usingizi kinga hiyo imezimwa. Chakula kikipanda huingia mapafuni, na anaweza kufa mezani au siku chache baadaye kwa homa ya mapafu. Kwa hiyo wataalamu wa fani hiyo wanataka chakula kiwe kimekomeshwa si chini ya muda wa saa sita kabla ya dawa, na maji matupu si chini ya muda wa saa mbili. Hospitali nyingi hukata shauri kwa kuwaambia wagonjwa wote waache kila kitu tangu saa sita ya usiku. Mama alikula saa kumi alfajiri, na zamu yake ilikuwa saa mbili asubuhi. Hesabu mwenyewe.

Nimeisimulia habari hii kwa sababu inafanana mno na hadithi tunayoisomesha kila mwaka katika mlango wa tayammum. Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) habari za mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe akiwa safarini, kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hawamuoni kuwa na ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwalaumu vikali, akasema kwa maana kwamba wao ndio waliomuua, na kwamba tiba ya asiyejua ni kuuliza. (Ile ziada inayotaja kufunga kitambaa juu ya jeraha wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha, lakini asili ya kisa imekubaliwa.) Miaka yote nilipoisomesha hadithi hii niliwatazama wale wasafiri kwa mbali, kama watu wengine. Siku ile, katika ukumbi wa hospitali, niliona kuwa nimo miongoni mwao. Tofauti ni kwamba Allah (s.w.) aliniletea mtu wa kuuliza kabla ya maji kumwagwa.

Tena jibu lenyewe lilikuwa wazi. Katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na ya 185, mgonjwa na msafiri wamepewa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Mama alikuwa mgonjwa na msafiri kwa pamoja. Hakuwa na haja ya saumu ile, sembuse daku yake.

Sasa tuseme kweli. Kuna mambo ambayo mgonjwa wa upasuaji lazima ayajue kabla hajaondoka kwake, na mambo hayo yameangukia katikati ya hospitali na msikiti. Hospitali hudhani ni mambo ya dini. Msikiti hudhani ni mambo ya daktari. Muuguzi ana wagonjwa arobaini na dakika mbili kwa kila mmoja. Imamu anakuja wodini kuomba dua baada ya mambo kwisha. Ipo njia ya kuziba pengo hilo, nayo imo mifukoni mwetu, hata inatukera inapolia katikati ya swala: simu.

Wala si jambo geni katika nchi yetu. Novemba 2012 Wizara ya Afya pamoja na washirika wake walianzisha huduma ya Wazazi Nipendeni, ambapo mjamzito alituma neno bila malipo kwenda namba 15001, kisha akapokea ujumbe kwa Kiswahili kulingana na umri wa mimba yake. Kuanzia 2009 hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilitumia M-PESA kuwatumia nauli wanawake wenye fistula waliokuwa vijijini, kwa sababu ilionekana kwamba matibabu ya bure hayamfai mtu asiye na nauli ya kuyafuata. Katika mpango wa tohara ya wanaume huko Iringa, mtu alituma neno TOHARA akaelezwa jambo lenyewe, akatuma WAPI akaelekezwa mahali, na aliyekwisha kutahiriwa alituma BAADA akafundishwa kutunza kidonda. Neno moja tu, na mtu anajibiwa anachohitaji wakati anapokihitaji. Mimi nimelipenda sana lile BAADA.

Lakini tusikimbilie kushangilia. Unguja, mwaka 2009 na 2010, wajawazito 2,550 wa vituo 24 vya afya walifuatiliwa katika utafiti. Katika nusu ya vituo hivyo wanawake walipelekewa ujumbe kwa simu na kupewa vocha ya kuwapigia wakunga; katika vituo vingine hawakupewa. Waliopata ujumbe, asilimia 60 walijifungua mikononi mwa wataalamu. Wasiopata, asilimia 47. Faida ni kubwa. Ila watafiti walipotenganisha mjini na shamba, faida iliyothibitika ilikuwa ya wanawake wa mjini. Kwa wa shamba haikuonekana waziwazi. Naipingo ni shamba. Ujumbe uliotungwa mbali na kutupiwa kwetu kama mvua ya vuli utanyesha na kupita.

Kwa nini usifae? Sababu ziko nyingi, kama vile umbali, umeme na nauli inayosubiri korosho ziuzwe. Sababu moja, hata hivyo, ni ya watu wa lugha kama sisi walimu, nayo ni maneno. Mzee mmoja wa msikitini kwetu alipata ujumbe wa hospitali unaosema asile kuanzia 12:00 usiku. Aliyeuandika aliitazama saa ya simu, ambayo huhesabu Kizungu, akakusudia saa sita ya usiku. Mzee aliyesomewa ujumbe na mjukuu wake alisikia saa kumi na mbili, akafahamu kuwa ana usiku mzima wa kula mpaka karibu na jua kuchomoza. Na kama ujumbe ungesema "usiku wa Jumatatu" ungekuwa mtego mwingine. Sisi tunaohesabu siku kuanzia magharibi, usiku wa Jumatatu ni ule unaotangulia mchana wake; kwa karani wa hospitali ni ule unaofuata. Mgonjwa anaweza kupotea siku nzima ilhali kila mtu amesema kweli. Ukisema "usiku wa kuamkia Jumatatu, tangu saa sita, usile wala usinywe kitu chochote", hapana nafasi ya kukosea.

Tena maandishi yenyewe hayawatoshi watu wetu. Wazee wengi hawasomi, na wapo wanaokifahamu Kimwera kuliko Kiswahili cha ofisini. Lakini sauti wanaisikia. Nani asiyejua jinsi mawaidha yanavyosafiri Nachingwea na Ruangwa? Darsa moja hutiwa kwenye memori kadi, ikaingia simu ya kitochi ya mkulima, ikasikilizwa chini ya mkorosho, na baada ya mwezi unaisikia Liwale. Vijana wenye WhatsApp huirusha kwa sauti mpaka Maskati. Njia hiyo tumeijenga wenyewe, na tumeitumia kujibizana katika masuala ya khitilafu kwa bidii ambayo laiti robo yake tungeielekeza kwa wagonjwa.

Rai yangu, basi, ni kwamba misikiti yetu ikae na waganga wa hospitali na zahanati zetu, itungwe sauti fupi za kumuandaa mgonjwa. Upande wa tiba asome muuguzi au tabibu, na upande wa ibada asome mwalimu, wala mmoja asiingilie kazi ya mwenziwe bila kumuuliza.

Upande wetu una mengi, na mengine yanatuhusu sisi tu. La kwanza ni lile la daku na saumu, kwamba mgonjwa akiulizwa asijibu "nimefunga" bali aseme saa aliyokula mara ya mwisho na alichokula. La pili ni vinywaji vya baraka. Sitaingia leo katika mjadala wa kombe; ukurasa huu umekwisha kuuzungumza. Nasema tu kwamba asubuhi ya upasuaji jamaa huja na kikombe cha kombe kwa yule anayeliamini, na sisi tusioliamini huja na chupa ya Zamzam aliyoileta hujaji. Mbele ya dawa ya usingizi Zamzam ni maji, na mgonjwa aliyekatazwa kunywa akatazwe na hayo pia. Atayanywa akiamka.

Kisha kuna dawa tunazozipenda. Anayetumia habbat soda kila siku, anayekula kitunguu saumu kwa wingi kama tiba, anayekunywa mizizi, au aliyepigwa hijama juzi, amwambie daktari. Kitunguu saumu kinajulikana kupunguza kuganda kwa damu, na daktari anayekata ana haki ya kujua damu anayokutana nayo. Wengine hunyamaza wakiona aibu, wengine wakidhani kwamba dawa iliyotajwa katika sunna haiwezi kuwa na madhara kwa hali yoyote. Kutajwa kwake hakumuondolei mtu wajibu wa kuisema. Akina mama nao wafahamu kwamba piko na rangi ya kucha huweza kukidanganya kile kipimo kinachobanwa kidoleni kupimia hewa ya damuni. Harusi ingoje. Na mwenye hirizi kiunoni, ambaye anaificha mpaka muuguzi aikute mezani, huyu ana maradhi mawili, na moja halipasuliwi.

Swala ndiyo inayoulizwa zaidi, na inayojibiwa vibaya zaidi. Imran bin Husayn (r.a.) alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya swala yake, akafundishwa kuswali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, na akishindwa kwa ubavu. Bukhari ameipokea. Tazama kwamba aliyeuliza ni mgonjwa mwenyewe, na aliuliza angali na akili zake. Mgonjwa wetu hujifunza tayammum akiwa na mpira wa mkojo na dripu mkononi, au hajifunzi kabisa, akaacha swala siku tano akidhani kwamba damu ya bandeji imemzuia. Afundishwe nyumbani, akiwa mzima wa kukaa na kufikiri. Na ambaye upasuaji utamchukua tangu adhuhuri hadi baada ya alasiri, aambiwe kuhusu kukusanya. Najua kwamba kauli mashuhuri ya madhehebu yetu ya Shafii haimruhusu mgonjwa kukusanya. Lakini Hanbali wameruhusu, na Imamu an-Nawawi, naye ni Shafii, aliiona kauli ya kuruhusu kuwa yenye nguvu.

Kuna na kisa cha Urwa bin Zubayr, tabii mkubwa, mmoja wa mafaqihi saba wa Madina. Mguu wake uliliwa na maradhi, akapewa kinywaji cha kumpoteza fahamu wakati wa kuukata, akakikataa. Makhatibu wetu wanakipenda kisa hiki, na wanakisimulia kwa namna ambayo mzee anatoka msikitini akiamini kwamba mwenye imani ya kweli huikataa sindano. Kusubiri kwa Urwa ni kwa Urwa. Vitabu vya Kishafii vyenyewe vimeruhusu kutumia dawa ya kuondoa fahamu, isiyokuwa pombe, pale kiungo kilichooza kinapohitaji kukatwa. Anayekisimulia kisa cha mimbarini na asimulie na mas'ala ya kitabuni.

Nimekuja sasa kwenye jambo zito zaidi, nalo ni la wanawake. Ujumbe wa simu huenda kwenye simu, na simu katika nyumba nyingi ni ya mume au ya mtoto wa kiume. Habari za kizazi cha mama zinafika kwanza kwa kijana wake akiwa kijiweni na wenziwe. Hii ni sitara iliyovunjwa, na hatuwezi kuiita huduma. Kwa hiyo sauti tutakazozitunga zifundishe mambo ya jumla, yanayomfaa kila mgonjwa, zisitaje maradhi ya fulani. Na mambo ya mgonjwa mwenyewe abaki nayo yeye na anayemtibu. Waalimu wa kike wa madrasa zetu washike upande wa akina mama. Wapo, na wanajua.

Katika hilo hilo, wapo wanaume wanaodhani kwamba mwanamke hapasuliwi mpaka mume akubali, hata awe Dar es Salaam na simu yake haipatikani. Majmaa ya Fiq'hi ya Kiislamu yenye makao Jeddah, katika azimio lake namba 67 la mwaka 1992, imeamua kwamba idhini ya matibabu ni ya mgonjwa mwenyewe akiwa mwenye uwezo kamili wa kisharia, na kwamba katika dharura inayotishia uhai matibabu hayasubiri idhini. Halikusema mgonjwa mwanamume. Mwaka uliofuata Majmaa hiyo hiyo ilipanga daraja za anayemtibu mwanamke: tabibu wa kike Muislamu, kisha wa kike asiye Muislamu, kisha mwanamume Muislamu, kisha mwanamume asiye Muislamu. Mama akiyasikia haya wiki moja kabla, anaweza kuuliza kwa heshima kama yupo tabibu wa kike, na akijibiwa hayupo atapanda mezani kwa utulivu bila kujiona amefanya dhambi. Akiyasikia mlangoni mwa chumba cha upasuaji, atakimbia. Tumewaona waliokimbia.

Nimeambiwa na ndugu mmoja mpenzi, baada ya swala, kwamba kumtajia mgonjwa wasia na madeni kabla ya upasuaji ni kumkatisha tamaa, na kwamba kumpigia sauti za hatari ni kupunguza tawakkul. Nilimjibu kwamba Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Ibn Umar, hakungoja mtu augue, amemtaka kila Muislamu mwenye cha kuusia asikae hata siku mbili bila wasia wake kuandikwa. Anayetaja wasia siku ya upasuaji peke yake ndiye anayeufanya uwe tangazo la kifo. Ndugu yangu hakuridhika sana. Ana hoja moja ambayo sikuweza kuijibu: simu haiwezi kumtazama mtu usoni ikaona kwamba hakuelewa. Ni kweli. Ndiyo maana tumeafikiana kwamba sauti isiwe badala ya mtu. Baada ya kusikiliza, mgonjwa arudishe kwa maneno yake mwenyewe alichosikia, mbele ya muuguzi au mwalimu. Ni utaratibu ule ule wa kumsikiliza mwanafunzi wa Qur'an. Hatusemi amehifadhi mpaka asome.

Kazi tumeianza kwa udogo, kwa simu moja na chumba cha madrasa kilichotandikwa mikeka ili sauti isirudi. Muuguzi mstaafu amesoma upande wa tiba, dakika nne. Mimi nimesoma upande wa ibada, dakika sita, na nimeambiwa nipunguze. Kimwera amesoma bibi mmoja wa hapa kijijini. Alipofika kwenye sentensi yetu isemayo kwamba mgonjwa atalazwa usingizi, alikataa kuitafsiri. Alisema wazee wakisikia mtu amelazwa wanafahamu kuwa amekufa. "Semeni atatiwa dawa asisikie maumivu," alituambia, "kisha ataamshwa. Hilo la kuamshwa msilisahau." Tumerekodi upya, kwa Kiswahili pia.